Usipa wa Matema, nilivyowauza Mbeya bila mtu kutema mchanga

Jamani huyo aliyeniambia nianike usipa, hawa dagaa wa Ziwa Nyasa, kwenye mchanga eti joto la mchanga linakausha fasta, Mungu anamuona. Nilimsikiliza maana kakulia ziwani. Na kweli wakakauka, jioni wanalia kachakacha, nikajaza viroba, nikapanda Kosta mpaka soko la Mwanjelwa, Mbeya, najiona tajiri. Mama mmoja mwenye meza akachukua mmoja, akatafuna, akatulia kidogo, akatemea kiganjani, akaniuliza "mwanangu, hawa unauza kwa sado (kindoo cha kupimia) au kwa tripu ya lori?" Soko zima likacheka, mpaka bodaboda wa nje wakaja kuulizia. Mzigo ukaondoka kwa bei ya chakula cha kuku.

Nikarudi nikapiga kichanja cha mianzi usawa wa kiuno, juu chandarua, upepo unapita chini na juu. Kyela mvua haina ratiba, wingu likichungulia tu milima ya Livingstone unakimbilia turubai hata kama tonge liko mdomoni.

Ila hela yenyewe iko kwenye mwezi bwana. Usipa wanavuliwa usiku kwa taa, wanafuata mwanga, sasa mbalamwezi ikiwaka taa inakosa nguvu, mitumbwi inarudi karibu mitupu na bei inapaa. Wenzangu wananunua kipindi cha giza, mwezi haupo, na wanauza giza hilohilo, Mbeya kila meza usipa, wanagombania wateja kwa mia mia. Mimi nanunua kipindi hicho cha giza, bei ya ndoo imeshuka mpaka unaona aibu kuomba punguzo, nakausha hadi kichwa kikibanwa kinavunjika, naviweka viroba juu ya mbao visiguse sakafu, natulia. Mwezi ukishiba ndo napandisha mzigo. Mara nyingine napata karibu mara mbili, nauli ikiwa imeshatoka.

Kuna mteja wa Sae, hapo Mbeya, kila nikimuona ni "hawa mbona siyo kama dagaa wa Kigoma". Sasa watakuwaje kama wa Kigoma? Wale ni ukoo wa sadini, usipa yuko ukoo wa samaki wanaoitwa kapi (carp) pamoja na dagaa wa Mwanza, hata mbasa, samaki wetu yule mkubwa, ni ndugu yake. Analalamika na bado anabeba sado mbili.

Na chumvi msiniulize, mi siweki. Chumvi inavuta maji, ukikutana na ukungu wa Tukuyu njiani unashusha kiroba Mbeya wamelegea kama wametoka ziwani sasa hivi.