Siku yangu gereji Kizota: boneti iliyogoma kufunguka

Saa 11:30 alfajiri

Naamka kabla simu haijalia. Mwezi wa saba Dodoma huogi maji ya ndoo bila kuyapasha moto. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa kipupwe ukianza usiku unakukuta bado unavuma asubuhi. Mke wangu ameshabandika uji wa uwele. Nakunywa vikombe viwili, cha tatu namtilia Dogo kwenye chupa. Dogo ni kijana ninayemfundisha kazi, na najua anatoka kwao Nkuhungu bila kutia kitu tumboni.

Saa 1:15 asubuhi

Gereji yetu iko upande wa barabara ya Singida. Ni uwanja wenye miarobaini miwili na kontena la vifaa, na tuko mafundi wanne: mimi injini, mmoja umeme, mmoja bodi na mmoja rangi. Kazi ya kwanza kila siku ni kumwagia maji uwanja. Mvua hatujaiona tangu Aprili, na ya kuaminika tutaisubiri mpaka Desemba. Katikati hapo vumbi laini kama unga linaingia popote penye grisi, linaganda, linakuwa kama saruji. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililotuletea kazi ya leo.

Saa 2:20 asubuhi

Corolla 110 inaingia polepole, taa za hazadi zinawaka, nyuma imelala kwa mzigo. Anashuka mama wa makamo, kitenge kiunoni, na kijana aliyekuwa anaendesha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nisaidie, gari limekataa kufumbua mdomo."

Wametoka Bahi na magunia manne ya mchele, wanayapeleka soko la Majengo. Walipokaribia Nala sindano ya joto ikaanza kupanda. Kijana, ambaye ni mtoto wa dada yake, akasimama vizuri tu, akavuta kishikio cha boneti ili aangalie maji. Kishikio kikaja chote, kimelegea, hakina uzito. Watu wa barabarani wakaja na mtaimbo kusaidia. Naiona kazi ya mtaimbo: ukingo wa boneti umeinuka upande mmoja, rangi imebanduka kipande cha kiganja, na loki haijasogea hata kidogo.

Kitu hiki kinaniuma kila nikikiona. Boneti ni bati jembamba lililokunjwa, na loki ni chuma kilichofungwa kwa bolti kwenye chuma kingine. Ukivipambanisha, bati ndilo litakalopinda. Hata hivyo nampongeza kijana kwa kusimama sindano ilipopanda, kwa sababu wapo wanaosema "nitafika tu" na wanafika wameua injini.

Mchele unahamishiwa kwenye guta, kijana anaenda nao Majengo. Mama anakataa kuondoka. Anaomba kiti. "Nataka nione kwa macho yangu," anasema, na mimi napenda mteja wa namna hiyo.

Saa 2:50 asubuhi

Tunaliacha gari lipoe. Dogo anakunywa uji wake huku namchorea mchangani.

Chini ya boneti kuna kitanzi cha chuma. Ukifunga, kitanzi kinaingia kwenye loki, ndoano inakigeukia na kukishika, na ulimi mdogo unaizuia ndoano isirudi. Ukivuta kishikio chini ya usukani, waya unauvuta ule ulimi, ndoano inaachia, springi inainua boneti kiasi cha vidole viwili. Hapo inabaki ndoano ya pili, ya usalama, unayoisukuma kwa kidole ukiwa umesimama mbele ya gari.

"Sasa kishikio kimelegea," namuuliza Dogo, "kimekufa nini?"

"Waya umekatika."

"Wapi?"

Hapo ndipo penye kazi. Ukikatikia kwenye kishikio, una bahati, kwa sababu ncha iko ndani ya gari na unaweza kuikamata. Ukikatikia huko mbele, utalala chini ya gari.

Saa 3:30 asubuhi

Nafungua skrubu mbili za kishikio na kumulika tochi. Kile kichwa kidogo kinachoushika waya kwenye kishikio kimebaki peke yake kwenye tundu lake, na waya umechomoka. Ncha yake imefumuka kama ufagio wa chelewa, nyuzi nyingine zina kutu ya siku nyingi na mbili tatu zinang'aa. Zile zinazong'aa zimekatika leo. Zenye kutu zilikatika zamani, moja baada ya nyingine.

"Mama, kishikio hiki kilikuwa kigumu?"

"Kigumu mwaka mzima. Tukawa tunavuta kwa mikono miwili."

Naikamata ncha kwa plaizi ya gripu, namweka Dogo mbele akandamize boneti kwa viganja viwili, juu kabisa ya loki. Watu wengi wanafanya kinyume, wanainyanyua. Raba na springi zinaisukuma boneti juu muda wote, na msukumo huo unaifanya ndoano iubane ulimi. Ukikandamiza, mbano unapungua, ulimi unapata nafasi ya kusogea. Boneti nyingi zinazogoma huachia kwa njia hii tu, mtu mmoja ndani na mwingine mbele, bila kifaa chochote.

Hii haikuachia. Nilipoongeza nguvu nikasikia "ti" kwenye gripu, uzi mwingine umekatika. Nikaacha palepale, maana kama nyuzi zile zingeisha nisingebaki na kitu cha kuvuta.

Saa 4:10 asubuhi

Tunapitia mbele. Shoo ya gari hili, ule wavu wa mbele ya rejeta, ina skrubu zake za juu ndani ya boneti, kwa hiyo haitoki yote. Namulika kwenye matundu yake mpaka naiona loki: imejaa vumbi lililoshikana na grisi kuukuu, nyeusi, kavu. Napitisha mrija wa WD-40, nanyunyiza kwenye ulimi na kwenye pini ya ndoano, nasubiri dakika 20, nanyunyiza tena. Katikati nagonga boneti kwa ngumi iliyofungwa kitambaa, polepole, mtikisiko uyapeleke mafuta ndani.

Jaribio la pili: ulimi unasogea kidogo, unarudi.

Saa 5:00 asubuhi

Basi, chini. Jeki, kisha stendi mbili, kisha nalitikisa gari kabla ya kuingia. Dogo anajua siingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na sitaki siku moja nimkute yeye ameingia. Kuna jambo jingine. Feni ya umeme ya rejeta inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, na betri hatuwezi kuichomoa kwa sababu iko ndani ya hiyo boneti. Ufunguo ninao mfukoni, na gari limepoa mpaka mkono unalala kwenye rejeta.

Navua kava ya chini, naingiza bisibisi ndefu kati ya rejeta na bampa. Sioni mkono wangu. Naipapasa loki kwa ncha: hapa kitanzi, hapa ndoano, hapa springi, na huyu hapa ulimi. Nausukuma kuelekea upande ule ambao waya huuvuta.

"Kandamiza!"

Dogo anakandamiza. Nasukuma. *Kla.*

Ni sauti ndogo sana, lakini fundi bodi aliyekuwa upande wa pili wa uwanja aliisikia akapiga makofi. Mama akasimama kwenye kiti chake, akasema Kigogo kitu ambacho sikukishika chote, ila kilikuwa cha shukrani.

Saa 5:40 asubuhi

Boneti imefunguka. Chanzo cha joto kinaonekana mara moja: hosipaipu ya juu ya rejeta imepasuka pembeni ya klipu, maji yamekauka yakaacha ukoko. Ni kazi ya nusu saa, sina mengi ya kusema juu yake.

Kazi kubwa ni ile loki. Natia alama kwa chokaa kuzunguka bolti zake kabla ya kugusa, ili irudi palepale ilipokuwa, kisha naifungua kwa spana namba 10 na kuilaza kwenye bakuli la mafuta ya taa. Brashi ya waya, kitambaa, tena brashi. Uchafu unaotoka ni wa miaka. Chini yake loki ni nzima kabisa, haihitaji kubadilishwa.

Saa 7:00 mchana

Ugali na mlenda, na Mama anachangia karanga zake. Ananiuliza kama nisingeweza kutumia waya wa breki ya baiskeli, uokoe hela kidogo. Namjibu kwa heshima, lakini hapana. Si waya wa gari hili, na naogopa mwezi ujao tutakuwa hapahapa. Kuna wanaofunga boneti kwa waya wa kufungia nondo mpaka wapate hela, na kwa hilo nina sababu yangu. Miaka sita iliyopita nilikuwa abiria, tumepita Mbande tukielekea Morogoro, boneti iliyofungwa hivyo ikafunguka kwa upepo. Ikapiga kioo cha mbele na dereva hakuona tena barabara. Tulisimama salama. Namkumbuka yule dereva mikono yake ilivyokuwa inatetemeka juu ya usukani.

Mama anatoa 15,000 za waya uliotoka kwenye gari la kukatwa, bado mzima, na Dogo anaufuata mjini.

Saa 8:30 mchana

Kabla ya kuvuta waya wa zamani nafunga uzi wa nailoni kwenye ncha yake ya mbele. Unapotoka kwa ndani, uzi unafuata njia ileile, na waya mpya unarudi kwa kuvutwa na uzi huo. Bila uzi ungehangaika kutafuta tundu la ukutani nyuma ya dashibodi mpaka jioni.

Kisha jambo ambalo nimemrudishia Dogo mara tatu: usifunge boneti bado. Chukua bisibisi, sukuma ndoano ya loki mpaka ijifunge, kana kwamba kitanzi kimeingia. Nenda ndani, vuta kishikio. Imeachia? Rudia. Tumerudia mara kumi. Ukifunga boneti kwa kuamini tu, na waya haujakaa kwenye tundu lake, umerudi chini ya gari.

Fundi bodi ananyoosha ule ukingo kwa gogo na nyundo ndogo. Rangi itasubiri mavuno mengine, Mama anasema.

Saa 10:15 jioni

Namwita Mama avute mwenyewe. Anavuta kwa mikono miwili, kwa mazoea, na kishikio kinakuja kwa kidole kimoja. Anakiachia, anakitazama. Namwonyesha ndoano ya usalama ilipo na jinsi ya kuisukuma, na namwomba alete gari tupake grisi kila baada ya mavuno, kabla kishikio hakijaanza kukaza.

Saa 2:00 usiku

Nimeshaoga. Simu inaita, ni Mama, amefika Bahi. Sindano ilikaa katikati njia nzima. Mume wake ameshafungua boneti mara tatu tangu wafike, na ya tatu aliwaita majirani waje na tochi.