Kilima kifupi, kamba moja

Wenzangu hunicheka nikisema napenda vilima vidogo vya kuteleza kwenye theluji. Kweli, ukihesabu hadi thelathini umeshafika chini. Lakini foleni ni fupi, na kona niliyoikosea nairudia papo hapo.

Kinachonitesa ni kamba ya kupandia. Haina kiti; inazunguka tu, unaibana kwa glavu, inakukokota hadi juu. Ukiikamata kwa pupa inakuvuta mabega nusura yang'oke. Iache kwanza ipite viganjani, kisha bana taratibu. Wa skii, yaani vibao viwili vyembamba, kimoja kila mguu, husimama akitazama mbele. Mimi wa ubao mmoja unaofungwa miguu yote miwili nasimama upande, mguu wa nyuma nimeufungua, na nikianguka nakuwa kizuizi. Siku ya kwanza niliangusha watoto wawili. Mmoja ndiye aliyenipa pole! Glavu ziwe za ngozi, nyingine zinalika upesi.

Mwaka 1934, kamba kama hiyo ilifungwa Woodstock, Vermont, Marekani, ikizungushwa na injini ya gari la Ford Model T. Na Lindsey Vonn, Mmarekani aliyeshinda dhahabu ya skii ya Olimpiki mwaka 2010, alianzia Buck Hill, Minnesota, ambako mteremko haufiki kimo cha mita 100. Wenzangu nimeshawaambia. Bado wanacheka.