Kupima saitokini za kipandikizi cha ngozi: njia iliyonipa majibu ya kuaminika

Ushauri unaonikera kuliko wote ni huu: "Toa damu ya panya, pima saitokini, utajua kama kipandikizi kinakataliwa." Damu haitoshi. Saitokini ni protini ndogo ambazo seli hutoa ili kuzungumza na seli jirani; zinadumu muda mfupi, na zikiingia kwenye mzunguko wa damu huwa zimeshapungua mno. Vita viko ndani ya kipandikizi chenyewe, na humo ndimo ninamopima.

Wapokeaji wangu ni panya wa ukoo wa maabara uitwao C57BL/6, ngozi ya mkia inatoka kwa ukoo mwingine, BALB/c, kipande cha takriban sentimita 1 kwa 1. Ninapoandaa jeraha ubavuni naondoa ngozi tu. Ule utando mwembamba wa misuli ulio chini yake siugusi, kwa kuwa mishipa ya kulisha kipandikizi inatokea hapo. Ukiuchana, hata ngozi ya panya wa ukoo uleule itanyauka, na kinga ya mwili haihusiki kabisa. Shashi yenye mafuta, plasta, bandeji, siku 7. Kipande kitakachokutwa kimekufa bandeji inapofunguliwa nakitoa kwenye hesabu: hiyo ni kasoro ya upasuaji.

Mbinu iliyonifaa kuliko zote ni kumpa panya mmoja vipandikizi viwili: ubavu mmoja ngozi ya BALB/c, ubavu wa pili ngozi ya C57BL/6 mwenzake. Sababu ni kwamba jeraha lolote, hata lisilo na ugeni wowote, humwaga saitokini za uvimbe, yaani intalukini-1, intalukini-6 na TNF, siku za mwanzo. Ukipima kipande kigeni peke yake utaona namba zimepanda, utatangaza kukataliwa, kumbe unasoma kidonda kinachopona. Vipande vyote viwili vimekatwa na mkono uleule, vimefungwa saa ileile, viko kwenye mwili uleule. Kinachozidi upande wa BALB/c ndicho cha kukataliwa. Mbavu mbili tofauti, tena, ili uvimbe wa kipande kimoja usifike kwa kingine.

Bila dawa, ngozi ya tofauti kubwa namna hii kwa kawaida hukataliwa kati ya siku ya 10 na ya 14. Sampuli nachukua siku ya 7 au ya 8. Ukingoja gamba jeusi, RNA (nakala za jeni ninazopimia saitokini) imeshakatikakatika. Ngozi ina vimeng'enya vingi vya kuivunja RNA, kwa hiyo kipande kinakwenda moja kwa moja kwenye nitrojeni kimiminika na kusagwa kabla hakijayeyuka.

Kinachopanda waziwazi ni saitokini ya intaferoni-gama, ikifuatwa na CXCL9 na CXCL10, ambazo huvuta seli T (aina ya seli za kinga) zenye kipokezi cha CXCR3. Intaferoni hiyohiyo huzifanya seli za kipandikizi zioneshe kwa wingi molekuli za MHC, alama ambazo seli T huzitambua, zikawa shabaha rahisi zaidi. Lakini usikimbilie kusema kwamba ukiizuia umemaliza kazi. Panya wasio na jeni yake bado hukataa ngozi, na wasio na ya intalukini-2 vivyo hivyo. Tena tiba ya kuziba ishara saidizi za seli T, kwa protini ya CTLA4-Ig pamoja na kingamwili dhidi ya molekuli ya CD40L, inahitaji intaferoni-gama iwepo ili ngozi idumu.

Intalukini-2 nayo hulisha seli T zinazoshambulia na zile zinazotuliza. Kwa panya aliyepewa dawa za kutuliza kinga, takrolimasi au saiklosporini, kiwango chake kikishuka kinathibitisha tu kwamba dawa imezuia kalsinurini, kimeng'enya ambacho dawa hizo hukilenga. Sikichukulii kuwa dalili ya usalama wa kipandikizi.

TGF-beta, saitokini nyingine, siisomi kamwe bila intalukini-6 pembeni. Ikiwa peke yake huelekeza seli T kuwa tulizi. Zikiwa pamoja, seli hizohizo huelekea kutoa intalukini-17 na kuchochea uvimbe.