Vidole Viwili

Mama aliikata migomba kumi na miwili kwa panga lake mwenyewe. Fundi alijitolea kumsaidia, akakataa. "Niliipanda mimi, nitaiangusha mimi." Majani na vigogo akawapa majirani wenye ng'ombe, kisha akaingia jikoni, na jioni ile hakuongea sana.

Ilikuwa Desemba 2023, nyuma ya nyumba yetu Bugembe, Jinja, Uganda. Baba ni sajini mstaafu kutoka West Nile, Mama ni Msoga. Walikutanishwa na Kiswahili cha kambini, nacho ndicho kilichotulea sisi watoto. Miezi michache kabla ya hapo, She Cranes, timu ya taifa ya netiboli ya Uganda, walikuwa wamemaliza wa tano kwenye Kombe la Dunia la netiboli kule Cape Town. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka 15, alikesha na mechi zile, akimtazama mfungaji wao Mary Nuba Cholhok anavyoupokea mpira juu ya mikono ya mabeki. Kesho yake alikuwa nje, akirusha mpira kwenye duara la nondo lililofungwa kwenye mwembe, juu ya maramu tupu, udongo wa changarawe. Siku moja akaruka, akaangukia goti. Vijiwe viliingia kwenye nyama na kidonda kikatunga usaha. Kila jioni Baba alimwosha kwa maji ya chumvi bila kusema neno, mpaka siku aliyosema atamjengea kiwanja. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimebaki kidogo. Alikitoa chote.

Watu wakija kwetu husifu rangi ya vigae. Mimi huwaambia kiwanja chenyewe kiko chini, hakionekani. Tulichimba, tukapanga mawe, tukamwaga maramu na kushindilia mpaka mikono ikafa ganzi. Juu yake nailoni, kisha wavu wa chuma, halafu zege la sentimita 10. Fundi alipima kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule ambao maji yake hutulia sawa ncha zote mbili, akaufanya upande wa chini uwe na upungufu wa sentimita 9, yaani sentimita moja kwa kila mita. Ukitembea juu yake hutambui, lakini maji hutambua. Upande huo tukauacha wazi, uelekee kwenye migomba iliyobaki. Hilo lilikuwa sharti la Mama.

Zege tulilimwaga siku moja ya Januari, kuanzia alfajiri hadi magharibi, mifuko ya simiti karibu sitini, maana zege la kiwanja likimwagwa nusu leo na nusu kesho huacha mshono dhaifu. Baada ya hapo, wiki nzima tuliloweka magunia juu yake asubuhi na jioni, kisha tukasubiri mpaka zikatimia siku 28. Mdogo wangu alizihesabu kwa chaki ukutani.

Vigae vilitoka Kampala kwenye maboksi: vya plastiki ngumu yenye matundu, kila kimoja sentimita 30.5 kwa 30.5, pande mbili zina vitanzi na mbili zina vipini. Unakiweka, unakigonga kwa nyundo ya mpira, kinalia "tak" na kushikana na mwenzake. Havipigiliwi misumari wala havipakwi gundi, vinaelea tu juu ya zege. Thelathini kwa thelathini, jumla 900. Nusu duara la kufungia netiboli linalochorwa sakafuni lina nusu kipenyo cha mita 4.9, kwa hiyo kwenye kiwanja chetu cha mita 9 na sentimita 15 lilikatika kidogo pembeni. Mdogo wangu hakujali. Mlingoti ulikuwa wa kweli, mita 3.05 kutoka chini hadi kwenye pete ya chuma.

Sasa lile ninalotaka kulisimulia. Kulia kuna ukuta wa baraza, kushoto Baba alijenga ukingo wa matofali. Fundi alikuwa amemwambia, "Afande, tuache vidole viwili." Baba akajibu kwamba vipimo ni vipimo, mita 9 na sentimita 15 kamili. Fundi akasema, "Ndiyo, afande," akanyamaza. Tulivipanga vigae alfajiri ya Februari, kungali na baridi. Mstari wa mwisho uliingia kwa kubanwa, na Baba alisimama akivitazama kama gwaride lililonyooka.

Saa saba mchana tulimsikia mdogo wangu akipiga kelele. Katikati ya kiwanja vigae vilikuwa vimeinuka, mgongo mrefu unaofika mguu wangu katikati ya kifundo na goti. Alikuwa amekaa chini akilia, akidhani pesa ya Baba imekwisha bure. Baba alipanda juu ya ule mgongo kwa viatu vyake, akaukandamiza, ukainuka pembeni yake. Akaukandamiza tena. Sijawahi kumwona vile, uso wa mtu aliyeibiwa.

Mama ndiye aliyeinama akagusa kwa kiganja. "Vinachoma kama sufuria," akasema. Akaleta ndoo ya maji, akamwagia, akaleta nyingine, na nyingine. Mgongo ukashuka polepole mbele ya macho yetu. Plastiki ile hutanuka kwa jua na kusinyaa kwa baridi, na sisi tulikuwa tumeinyima pa kwenda.

Baba alimtazama Mama, kisha akamgeukia fundi. "Ulisema vidole viwili."

"Nilisema, afande."

"Basi nisamehe. Leta msumeno."

Jioni ile tuling'oa mstari wa upande wa ukingo, vigae thelathini, na kukata kila kimoja sentimita nne. Baba alikata mwenyewe, Mama akimshikia. Giza lilipoingia waliwasha taa ya baraza wakaendelea.

Mvua za Machi zilipofika, maji yalipita chini ya vigae na kutokea upande wa migomba, na nusu saa baadaye mdogo wangu alikuwa uwanjani. Mpaka leo, nikienda nyumbani, humkuta Baba amechuchumaa kwenye ukingo alfajiri, na tena saa saba mchana, akiingiza vidole viwili kwenye ule mwanya.