Eti Nazurura

Vyombo nimeosha, barua pepe za kazini nimezijibu, usingizi hauji. Kauli ya shangazi bado inanikereketa.

Mnamjua. Yeye kaacha ualimu, ualimu haujamwacha. Alinikuta nimeinamia kompyuta nasoma hadithi ya viungo, zile ambazo ukibofya neno lililopigiwa mstari unarukia kipande kingine.

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Haina kurasa za kuhesabu, shangazi."

"Umebakiza kiasi gani, basi?"

"Sijui."

"Mwanangu, huko si kusoma. Unazurura."

Akaenda zake chumbani kwa baba, aliyeruhusiwa kutoka hospitali Jumanne.

Kilichoniuma ni kwamba sikuwa na jibu. Kitabu unakipima kwa kidole gumba tu: upande wa kulia ukipungua unene, mwisho unakaribia. Huku shahidi wangu ni rangi. Kiungo cha bluu sijakigusa, cha zambarau nimeshapita. Na hiyo zambarau nayo haiaminiki! Viungo viwili vikielekea ukurasa mmoja, ukibofya kimoja na cha pili kinageuka rangi, hata kama kiko mahali ambapo hujawahi kufika. Isitoshe, kivinjari kinajua umefungua, hakijui kama umesoma.

"Unazurura." Tena alilitamka polepole, kama anasahihisha daftari langu.

Nikiwa nimejilaza nikamkumbuka mwandishi Michael Joyce na "afternoon, a story" ya mwaka 1987, hadithi ya kwenye disketi, kabla wavuti haijazaliwa. Ina vipande 539, na maneno yenye viungo hayakuwekewa alama yoyote; unabofya kwa kubahatisha. Kuna njia hazifunguki kabisa mpaka uwe umeshapitia vipande fulani. Msimulizi, Peter, asubuhi amepita penye ajali, na sasa anahofia waliokuwemo ni mtalaka wake na mtoto wao. Angeweza kuulizia mara moja akajua. Badala yake anazunguka: kumbukumbu hii, mazungumzo yale, mwanamke yule. Na wewe msomaji unazunguka naye, unarudi kipande kilekile ulichokisoma mwanzo, safari hii kinatisha, kwa sababu sasa unajua anakwepa nini.

Hapo nikacheka peke yangu gizani. Kumbe jibu lilikuwepo! Ndiyo, shangazi, nazurura, maana mwenye hadithi naye anazurura, na ukimnyoosha kwenye mstari mmoja unabaki na taarifa ya polisi. Nimelirudia jibu hilo kwa sauti mbalimbali, ya heshima, ya utani, hata ya kiburi kidogo ambayo najua sitathubutu mbele yake. Jumapili akija nitampisha kiti abofye mwenyewe. Nadhani atakuwa mkali kwa viungo vibovu kuliko mimi.

Ila mwenye nyumba. Ujumbe wangu ameusoma tangu juzi, zile alama mbili zimegeuka bluu, hajajibu, na mkataba unaisha mwisho wa mwezi.