Timișoara na Mama wa Zamu ya Usiku

Usiku wangu wa kwanza kazini hapa Timișoara, magharibi mwa Romania, mama tuliyepangwa naye meza moja alifungua bakuli lake saa nane za usiku. Nikashtuka: ugali! Wa mahindi ya njano, umelala kama mkate. Akatoa uzi mweupe, akaupitisha chini ya ugali, akauvuta juu, kipande kikakatika safi bila kisu. Wao wanauita mămăligă, wanaula kwa jibini na malai. Nilipomwambia kwetu Tanga tunaula kila siku, akanimegea nusu. Tangu siku hiyo namwita Doamna, yaani Mama, kwa heshima, na mengi niyajuayo kuhusu mji huu nimeyapata kwake.

Kazi yetu ni kufunga nyaya za umeme za magari. Viwanda vya vipuri vya magari ndivyo vinavyoajiri watu wengi hapa, pamoja na kampuni za kompyuta. Hilo la kompyuta si jambo la jana: mwaka 1961 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Politehnica, kilichoanzishwa 1920, waliunda mashine iitwayo MECIPT-1, kompyuta ya kwanza katika chuo kikuu chochote cha Romania. Kazi zipo, watu ndio wamepungua. Sensa ya 2011 ilihesabu wakazi 319,279, ya 2021 ikapata 250,849. Baadhi wamejenga katika vijiji vya jirani kama Dumbrăvița na Giroc. Wengine wamekwenda Ujerumani na Italia, wakiwemo watoto wote wawili wa Doamna. Nafasi zao tumezishika sisi tuliotoka mbali.

Mji huu umepita mikono mingi. Waosmani waliutawala tangu 1552 hadi 1716, Waaustria wakauteka, wakachimba mfereji wa Bega kukausha vinamasi na kuleta walowezi wa Kijerumani. Romania iliupata baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1884 mitaa yake iliwashwa taa za umeme, na wenyeji hujivunia kwamba hakuna mji wa Ulaya bara uliowatangulia. Kinachonigusa zaidi ni lugha. Jengo la opera lina maigizo ya Kiromania, Kihungari na Kijerumani chini ya paa moja. Pale Piața Unirii kanisa kuu la Wakatoliki linatazamana na kanisa la Waorthodoksi wa Kiserbia. Kwa mtu aliyelelewa pwani, ambako adhana na kengele husikika mtaa mmoja, mji wa namna hii hauwi mgeni kwa muda mrefu.

Halafu kuna Desemba 1989. Serikali ya Ceaușescu, dikteta wa kikomunisti wa Romania, ilitaka kumhamisha kwa nguvu mchungaji László Tőkés, wa Kanisa la Wahungari. Waumini wake wakasimama mlangoni kumlinda, na Waromania wakajiunga nao. Hapo ndipo moto ulipowaka. Tarehe 17 jeshi likafyatulia watu risasi. Miili zaidi ya 40 iliibwa hospitalini, ikapelekwa Bucharest kuchomwa, majivu yakamwagwa kwenye mtaro wa maji machafu ili pasibaki kaburi. Doamna anapofika hapo husita, huweka koleo mezani.

Alikuwa na miaka 22, akifanya kazi katika kiwanda cha viatu. Tarehe 20 wafanyakazi waliacha mashine zao, wakafurika uwanja wa Opera, askari wakarudi kambini. „Leo Timișoara, kesho nchi nzima!” ndivyo walivyopiga kelele. Siku mbili baadaye Ceaușescu alikuwa mbioni. Ananionyesha matundu ya risasi ambayo hayajazibwa kwenye kuta za uwanja ule, unaoitwa sasa Piața Victoriei. Mwaka 2023, mji ulipokuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, watalii walipiga picha chini yake wakila aiskrimu. Nilitamani kila mmoja angekuwa na Doamna wake wa kumsimulia.

Desemba iliyopita alinichukua hadi kanisa kuu la Waorthodoksi, mwisho wa uwanja huohuo, ambako vijana walipigwa risasi ngazini. Nje kuna vibanda vya mishumaa: upande mmoja vii, walio hai, upande mwingine morți, waliokufa. Alinunua mishumaa myembamba ya njano, akaiwasha mmoja baada ya mwingine upande wa wafu, huku ameukinga upepo kwa kiganja. Ulipobaki mmoja alinigeukia, akaniuliza jina la marehemu baba yangu.