4004 kando ya Mwanzo

Jumamosi, saa nne usiku. Umeme umerudi sasa hivi. Mama amelala chumba cha pili na redio inaendelea kuongea peke yake.

Mchana tulitoa vitu vya baba kwenye sanduku la bati tuvianike kabla mchwa hawajavimaliza. Biblia yake ya Kiingereza bado inanuka mafuta ya taa. Nikaifungua Mwanzo sura ya kwanza, nikaona kitu nilichokuwa nakipita tu nikiwa mtoto. Pembeni mwa aya, kwa maandishi madogo kama sisimizi, imechapwa namba: 4004. Yaani miaka 4004 kabla ya Kristo, dunia ndipo ilipoumbwa. Hesabu hiyo ni ya Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, aliyejumlisha umri wa kina Methusela na miaka ya wafalme, akatoa kitabu chake 1650. Tangu 1701 wachapaji wa Biblia za Kiingereza wakawa wanaitia pembeni, watu wakaizoea, mwisho ikaonekana kama andiko lenyewe.

Sasa mwenye Biblia alikuwa na kazi gani? Msaidizi wa jikoni kwa Waitaliano, kituo cha kurushia roketi cha San Marco, kule Ngomeni, karibu na hapa Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliondoka kwenye jukwaa la baharini ikiwa imebeba setilaiti ya kilo 140 hivi. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, Marjorie Townsend, mama wa Kimarekani aliyesimamia mradi, akaipa jina Uhuru. Baba alitusimulia hadithi hiyo mpaka tukaijua kwa moyo: alikuwa anamenya viazi, akasikia ngurumo, akatoka mbio na kisu mkononi, akaona moto unapanda juu ya maji, akapiga haleluya.

Kazi ya setilaiti hiyo ilikuwa kutafuta eksirei, mionzi ya aina ile inayopiga picha za mifupa hospitalini. Zile zinazotoka angani hazifiki huku chini, hewa inazimeza. Ndiyo maana ilibidi chombo kipelekwe juu. Uhuru ilihesabu zaidi ya vyanzo 300 vya mionzi hiyo, na kimojawapo, Cygnus X-1, kiliwafanya wanasayansi waanze kusadiki kwamba mashimo meusi, yale yanayomeza hata nuru, yapo kweli, si hesabu za ubaoni tu. Cygnus X-1 iko umbali wa miaka ya nuru kama 7,000, yaani mionzi yake husafiri miaka 7,000 hivi kutufikia. Fanya hesabu. Mwaka 1970 dunia ya Ussher ilikuwa haijatimiza hata miaka 6,000. Mionzi ile ilifunga safari kabla ya "Hapo mwanzo", ikaja kunaswa na chombo ambacho waliokirusha walikula viazi vya baba yangu.

Wakati wa chakula nikamuuliza mama kama baba alilijua hilo.

"Alijua. Alikuwa akisema hiyo namba ni ya mpiga chapa, si ya Musa." Kisha akaniambia nimpe pilipili.

Basi. Galileo kuhukumiwa na kanisa 1633 kwa kusema dunia hulizunguka jua, Darwin na kitabu chake cha 1859 kuhusu viumbe kubadilika, umri wa miamba, hayo yote sikuwahi kuyakosea usingizi. Imani yetu imehama nyumba mara nyingi, kama watu wa pwani bahari inapokula ufuo. Wanaoipigania ile miaka 6,000 kama roho yao wananichosha, na wanaodhani wakiivunja wamemmaliza Mungu wananichosha zaidi.

Langu mimi liko kwingine, nami nimelitoa kwa kinywa changu mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita niliugua kifua kikuu. Dawa miezi sita: miwili ya mwanzo dawa za aina nne, minne iliyobaki za aina mbili. Nilizimeza kila siku alfajiri, na mkojo ukawa rangi ya machungwa mpaka nikaogopa. Mwezi wa tano wa dawa ukaja mkutano wa injili uwanjani. Mhubiri akanishika kichwa, nikaanguka, nikaamka nalia. Wiki iliyofuata makohozi yangu yakapimwa, yakaonekana safi. Nikapanda jukwaani mbele ya watu nikasema: nilikuwa na kifua kikuu, nikaombewa, leo ni mzima.

Sikusema uongo. Niliacha tu kutaja vidonge.

Palikuwa na dada mmoja tuliyezoeana kwenye benchi la kliniki. Yeye alikuwa mwezi wa pili wa dawa. Alikuwa uwanjani usiku ule. Akaenda nyumbani, akaacha dawa, kwa sababu aliniona mimi. Miezi michache baadaye kikohozi kilirudi na damu, na safari hii dawa za kawaida zikawa hazimsaidii. Akaanzishiwa matibabu ya ule ugonjwa sugu, marefu na mazito kuliko yale ya kwanza. Bado yumo. Tukikutana sokoni ananikumbatia na kuniita "shahidi wangu". Afadhali angenitukana.

David Hume, yule mwanafalsafa Mskoti, aliandika mwaka 1748 kuhusu miujiza. Hoja yake kwa maneno yangu ni hivi: ukisimuliwa muujiza, pima lipi jepesi kutokea, kanuni ya maumbile kuvunjika au msimulizi kudanganywa au kudanganya. Niliisoma hoja hiyo chuoni nikaiona kiburi cha mtu asiyewahi kuonja kitu. Sikujua kwamba siku moja msimulizi anayepimwa nitakuwa mimi. Na ukinipima, ndugu msomaji, vidonge vinashinda. Kwa hapa Malindi hiyo si falsafa ya vitabuni. Tangu yale ya msitu wa Shakahola, 2023, ilipofukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wengi wao wakiwa wamefunga hadi kufa ili wakamwone Yesu, hakuna wa huku anayeweza kusema tena kwamba anachoamini mtu hakimhusu jirani.

Jioni nilitembea mpaka kwenye nguzo ya Vasco da Gama, kama ninavyofanya kichwa kikijaa. Wanaotembeza wageni huwaambia kwamba ule msalaba wa juu ni wa mawe ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Nikiusikia mji huo huikumbuka tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Asubuhi, watu wako makanisani, mishumaa inawaka, ardhi ikatikisika. Makanisa yakawaangukia. Waliokimbilia ufukweni wakafuatwa na bahari, na mishumaa ikazaa moto uliowaka siku kadhaa. Maelfu kwa maelfu walikufa. Wahubiri wakasema ni dhambi za mji. Voltaire, mwandishi Mfaransa, akaandika shairi la hasira dhidi ya wale wanaosema kila kitu kimepangwa vyema. Kant, mwanafalsafa Mjerumani, bado kijana, akaandika kwamba chanzo kitafutwe ardhini. Alidhani kuna mapango yenye gesi zinazolipuka, akakosea, lakini angalau hakuwatukana marehemu.

Nilikaa pale mpaka mashua za wavuvi zikaanza kuwasha taa. Nikisema Mungu aliniponya mimi, nimesema nini kuhusu yule dada? Tulikaa benchi moja, tulimeza dawa moja, na imani yake ilikuwa kubwa kuliko yangu, maana yeye aliamini hata akaviacha vidonge, mimi nilivimeza mpaka cha mwisho. Swali hili halina uhusiano na Cygnus wala na Darwin. Naomba bado. Juzi nilimwombea yeye, nikajikuta namwomba Mungu amkumbushe kumeza dawa, na sijui kama hiyo ni sala au ni kengele ya simu.

Jana mzee wa kanisa alinitumia meseji: "Dada yetu, Jumapili ijayo tuna wageni kutoka Mombasa. Tunaomba uurudie ule ushuhuda wako. Dakika tano tu."

Nimeandika jibu mara tatu nikalifuta. La kwanza lilisema ndiyo. La pili lilisema naumwa. La tatu lilianza na majina ya dawa zote nne, kwa mpangilio nilivyokuwa nazimeza, na hilo ndilo lililobaki kwenye simu, halijatumwa.